Damu ya Usukani

Siku hizi gari likivuja pale Tunduma, watu wanaita fundi. Mwaka ule wa hamsini na sita waliita mkutano, na mkutano wenyewe nusura unikoseshe mke. Nayasema haya mapema ili mtu asianze kunicheka kabla hajajua nilichokuwa karibu kupoteza. Akishajua, acheke. Hata mimi huwa nacheka, ingawa si mpaka mwisho.

Mimi ni Osea, Mnyiha wa Mbozi. Wakati huo nilikuwa dereva na fundi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa. Jina lake la kwao lilitushinda kulitamka, tukamwita Bwana Kidole. Jina hilo alilipata siku alipoletewa motokaa kutoka Marekani, nyeupe, ndefu kuliko nyumba ya mnyapara. Malori niliyozoea mimi, kukata kona ilikuwa kazi ya mabega. Ukishuka, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hushiki. Motokaa hii Bwana aliizungusha kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeshika sigara. Usukani mwepesi. Kutoka Mbeya mpaka mpakani sikusikia mwingine mwenye nao.

Siri yake alinieleza mara moja tu, boneti likiwa wazi. Kuna pampu ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu kupitia mpira mnene, na mafuta hayo ndiyo yanayogeuza magurudumu. Dereva anabaki na kazi ya kuelekeza tu. Mafuta yenyewe ni mekundu, tena mekundu hasa. Nilimwuliza kwa nini, akasema waliyatia rangi makusudi, ili yakivuja mtu asiyachanganye na mafuta mengine. Nikaona hao ni watu wenye akili. Kosa lao ni kwamba hawakupita Tunduma kwanza wakauliza.

Sasa, huku Tunduma nilikuwa na mchumba. Aida, binti wa mzee Anania, Mnamwanga, mzee wa kanisa, nyumba yake kando ya barabara iendayo Mpemba. Nilimwona mara ya kwanza Mbozi Misheni, kwaya zilipokutana, akiimba sauti ya pili huku akimkanyaga mguu mwenzake aliyekuwa anapotea. Nikasema huyu ndiye. Mshenga wangu alikuwa Ezron, mtu mwenye maneno matamu na miguu myepesi, zaidi miguu. Ng'ombe walikwisha kwenda, wazee walikwisha kukubaliana, harusi ilibaki mwezi mmoja.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwao na kwetu, mwoaji na mama mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Ukimwona anakuja njiani, wewe unaingia porini, naye anajifunika kanga na kugeukia upande mwingine. Hivyo hivyo mpaka siku ya kufunguliana. Siku hiyo mkwe hutoa kitambaa, mama humchinjia kuku mzima, na kuanzia hapo wanasalimiana kama watu wengine. Nayo huja baada ya harusi, pengine baada ya mtoto wa kwanza. Miezi minane ya uchumba mimi mama yake Aida nilikuwa namjua kwa visigino tu.

Basi, Bwana Kidole alikwenda Rhodesia kwa gari la rafiki yake, akaniagiza nimpokee mpakani Jumamosi saa sita mchana. Mimi nikafika Ijumaa alasiri. Mtu mwenye akili angelala Tunduma. Ezron alinikuta njiani akanisihi nisiingie na dude lile uani kwa wakwe, kwamba ukweni huendwa kwa unyenyekevu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliingia nalo, tena kwa honi.

Aida alikuwa mlangoni mwa jiko. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuuzunguka ua. Nilikizunguka kihenge cha ulezi mara saba, kwa kidole kimoja, kiwiko nje ya dirisha, na watoto wakinikimbilia nyuma. Mara ya saba usukani ukaanza kulia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, kisha ukawa mzito. Nikajiambia ni vumbi. Mwanamume akiwa anatazamwa na mchumba wake, kila kitu ni vumbi. Nikaliacha gari pale pale, nikaenda kulala kwa Ezron.

Asubuhi niliamshwa na Ezron akiwa ameshavaa viatu, jambo ambalo kwake halikuwa dalili njema. Akaniambia kule ukweni watu wamejaa, na kwamba yeye kama mshenga anashauri niende peke yangu. Nikamburuta kwa shati.

Uani walikuwepo watu kama arobaini, wanaume mbele, wengi na mapanga mkononi. Chini ya pua ya motokaa ya Bwana Kidole, kwenye ua ambao mama Aida huufagia kila jioni mpaka unang'aa, palikuwa na dimbwi jekundu. Kutoka kwenye dimbwi hilo yalikwenda matone, yakatoka uani, yakafuata njia mpaka barabara kuu.

Aliyeshika mkutano alikuwa Kasiani, mdogo wake Anania. Kasiani alikuwa amerudi mwaka uliotangulia kutoka machimbo ya shaba ya Rhodesia, na kofia, na saa kubwa ya mkononi isiyotembea, na habari za banyama. Kama hukuzikuta habari hizo, una bahati. Ilisemwa kuna watu wanazurura na motokaa, wanakamata wapita njia, wanawanyonya damu na kuipeleka wanakokujua wao. Kila aliyevuka mpaka mwaka ule alikuwa na lake la kuongeza. Kasiani yeye alidai amewaona kwa macho yake. Na wazee waliposita, aliwajibu kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sasa limekuja, limeegeshwa penye kihenge.

Tena alikuwa amefanya uchunguzi. Alifuata matone mpaka barabarani akarudi na taarifa. Njia ilikonyooka, matone ni machache. Kwenye kona, ni mengi. Akawaeleza kwamba kwenye kona ndiko maskini yule aliyefungwa ndani alikokuwa akipigania roho yake. Wanawake wakaguna kwa huruma. Hata mimi, nakiri, nilimwonea huruma huyo mtu kwa nukta moja, kabla sijakumbuka kwamba hakuwepo.

Nikasema hayo ni mafuta. Nikaulizwa mafuta gani mekundu. Hapo nikafanya ujinga ambao mpaka leo Aida akitaka kunishinda kwenye ubishi huutaja: nikafungua buti, nikatoa kopo la mafuta ya akiba, nikalifungua mbele ya watu wote ili waone kwa macho. Wakaona. Kopo zima, limejaa pomoni, jekundu. Watu wakarudi nyuma hatua tatu na mapanga yakapanda kidogo. Kasiani akavua kofia, kama kwenye maziko.

Mzee Anania hakuwa mtu wa makelele. Alisema mbele ya wote, pole pole:

"Osea, mimi sisemi wewe ni mwuaji. Lakini simtoi binti yangu kwa mtu ambaye gari lake linatoka damu na yeye mwenyewe hajui inatokea wapi. Nionyeshe inapotokea, niione kwa macho yangu. Jua likifika utosini hujanionyesha, Ezron atawaswaga ng'ombe wako arudi nao Mbozi."

Nilitazama jikoni. Aida alikuwa amesimama pale pale pa jana, ila leo mikono ilikuwa kichwani. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata hata kwenye mteremko bila breki.

Wakati huo huo sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko. Ilikuwa ya mama Aida. Hakusema na mimi, alisema na mumewe. Lakini kila mtu alinyamaza, kwa sababu nusu ya waliokuwa uani pale, wenye mapanga na wasio na mapanga, walipokewa duniani kwa mikono yake. Alikuwa mkunga wa vijiji vile vyote.

"Baba Aida," alisema, "damu mimi naijua. Damu huganda, na nzi huijia. Hiyo imelala hapo usiku kucha. Ganda liko wapi? Nzi wako wapi?"

Watu wakainama kutazama. Nzi hakuna hata mmoja. Kasiani akasema banyama huwa wanatia dawa ili isigande, lakini alisema kwa sauti ya chini, na mapanga yakashuka. Nikajua nimepewa nafasi.

Nikakaa chini penye dimbwi, nikafikiri kama fundi, maana kama mchumba kichwa kilikuwa kimekataa. Mafuta ya injini ni meusi, siyo hayo. Maji ya rejeta ni ya kahawia, yana kutu, siyo hayo. Mafuta ya breki hayana rangi. Mafuta mekundu kwenye gari lile yalikuwa sehemu mbili: kwenye gia, maana gia zake zilikuwa zinajibadili zenyewe, na kwenye usukani. Sanduku la gia liko katikati ya gari. Dimbwi lilikuwa mbele. Nikakumbuka ule mlio wa nguruwe wa jana na uzito wa usukani. Kisha nikamwomba Kasiani arudie habari ya matone ya kwenye kona. Akarudia kwa furaha, akaongezea na kilio. Lakini mimi nilikwisha kupata nilichotaka: njia iliyonyooka usukani umepumzika, kwenye kona pampu ndipo inaposukuma kwa nguvu. Kasiani alikuwa amenifanyia nusu nzima ya uchunguzi, ila aliumalizia pabaya.

Nikafungua boneti. Ndani kote kulikuwa kumelowa, pampu, mipira, mpaka ukuta wa injini, maana feni inatawanya. Mahali palipolowa pote huwezi kujua tone limeanzia wapi. Nikaomba mafuta ya taa na kitambaa, nikapangusa kila kitu mpaka pakakauka. Nikaomba unga wa muhogo. Ukiutia unga mweupe mahali pakavu, tone la kwanza litajionyesha lenyewe. Mwanamke mmoja aitwaye Marita alileta bakuli, akaliweka chini mbali nami kama mtu anayelisha mbwa mkali, akakimbia. Nikaupaka unga kwenye pampu na mipira yote, nikaingia, nikawasha injini, nikarudi mbele nikainama kutazama.

Feni nilikuwa nimeisahau. Unga wote uliozidi ukanirudia usoni. Kwa bahati uliokwisha kushika ulibaki mahali pake, lakini na mimi nilishikwa. Nikajiinua nikiwa mweupe tangu nywele mpaka kidevu, macho mekundu yanatoka machozi, na katika hali hiyo nikawageukia watu wale, ambao tangu alfajiri walikuwa wanazungumzia banyama, nikawauliza kwa upole ni nani angependa kuingia ndani ya gari akae kwenye kiti.

Ua ukabaki na nafasi ya kutosha kucheza mpira.

Na mtu nilimhitaji kweli. Usukani lazima uzungushwe huku injini inanguruma ndipo pampu isukume, na mimi siwezi kuuzungusha na kuitazama pampu kwa wakati mmoja. Nikamwita Ezron. Akasema kazi ya mshenga ni kupeleka maneno, siyo kupelekwa. Nikamwomba Kasiani, aliyekwisha kupanda magari mengi Rhodesia. Akatazama saa yake isiyotembea akasema muda hauruhusu. Anania mwenyewe alitazama mlango wa motokaa, akasema yeye ni shahidi, na shahidi hukaa nje. Jua lilikuwa limepanda sana.

Ndipo Aida akatoka jikoni. Alifungua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, akaanza kuja. Hakunitazama mimi, alilitazama gari, na midomo yake ilikuwa inasema sala. Kabla hajafika nusu ya ua akapitwa na mtu amejifunika kanga gubigubi. Mtu huyo alimsukuma nyuma kwa kiwiko bila kusimama, akalifikia gari, akaingia, akafunga mlango. Niliviona visigino, nikajua ni nani.

Nilikimbilia nyuma ya boneti, macho chini. Kumbe boneti lile lililosimama lilikuwa pazia zuri ajabu. Mimi upande huu, mama mkwe upande ule, hakuna anayemwona mwenzake, na mila imekaa salama katikati. Tatizo lilikuwa maneno. Nilimtazama Ezron aje anisemee. Alikuwa amesimama kule penye migomba, na kwa ngurumo ile ya injini asingesikia hata baragumu la kiyama. Basi nikasema na gari.

"Wewe motokaa," nikasema, "naomba usukani wako uende kushoto mpaka ukome."

Magurudumu yakaenda kulia mpaka yakakoma. Sauti ikatoka ndani.

"Motokaa inauliza, kushoto kwa nani? Kwake au kwa mtu aliyesimama mbele yake?"

Lilikuwa swali zuri, wala mimi sikuwa nimelifikiria. Tukakubaliana, yaani mimi na motokaa, kwamba kuna upande wa jiko na upande wa kisima. Nikaiomba iende upande wa kisima. Ikaenda. Nikatazama unga: mweupe. Nikaiomba irudi upande wa jiko, pole pole. Motokaa ikanijulisha kwamba usukani huu ni mwepesi kuliko kusaga ulezi, na kwamba haielewi wanaume huwa wanalalamikia nini wakitoka safari. Baadaye kidogo ikauliza kama inaruhusiwa kurudia upande wa kisima hata kama haijaambiwa. Nikasema inaruhusiwa.

Ilikuwa pale magurudumu yalipokoma upande wa jiko mara ya tatu. Mpira mnene ulijikaza kama mshipa wa shingo. Penye nati inayoufunga ule mpira kwenye pampu, katikati ya weupe wa unga, kikatokea kidoa chekundu. Kikawa kama punje ya ulezi, kikawa kama harage, kikadondoka.

Nikamwita Anania. Alikuja akiwa amemshika Kasiani mkono, sijui ni nani aliyekuwa anamtia mwenzake moyo. Wakainama. Nikaiomba motokaa iende upande wa jiko: tone likavimba. Nikaiomba irudi katikati: tone likasimama. Anania akataka lifanyike tena. Likafanyika. Akataka mara ya tatu, na safari hii akalishika tone kwa kidole, akalisugua, akalinusa. Akasema, hivi ndivyo inavyotokea kumbe, nati imelegea. Akasema na Kasiani aje anuse. Kasiani akanusa akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, kila mtu anataka kuona kidoa. Nilitamani kupiga magoti pale pale. Barabara ya matuta ya kutoka Mbozi ilikuwa imeilegeza nati, na fahari yangu ya kukizunguka kihenge ikamalizia. Spana moja, mizunguko miwili, na Aida ni wangu.

Nikapita mbele ya gari kwenda kuchukua spana. Jiwe chini ya gurudumu sikuweka; tangu asubuhi nilikuwa nimewaza mengi, jiwe halikuwemo. Na gari lile, mkono wake wa gia uko pale pale chini ya usukani. Sijui ilikuwa kanga, sijui kiwiko. Nilichosikia ni gia kuingia, kisha motokaa ikaanza kunifuata pole pole, kwa adabu, ikinisukuma kwa bampa kuelekea kwenye kihenge.

Nilirudi nyuma mpaka fito za kihenge zikanigusa mgongo. Pa kwenda hapakuwepo tena. Katika hali hiyo mtu hasemi na motokaa.

"Mama! Zima! Zungusha ufunguo!"

"Upande gani?"

"Wa jiko, mama! Wa jiko!"

Injini ikazimika. Bampa lilikuwa limeyafikia magoti yangu, limeyabana kiasi cha mtu anayekukumbusha ahadi. Boneti kwa mtikisiko ule likaanguka, bam, likajifunga. Na pazia likawa limeondoka. Nyuma ya kioo, kanga imemwangukia mabegani, alikuwa amekaa mama mkwe wangu, mikono yote miwili kwenye usukani, ananitazama moja kwa moja. Alikuwa na uso wa Aida, ila Aida aliyekwisha kukasirika.

Kasiani alisema yale ya damu sasa yamekwisha, yeye mwenyewe amenusa. Lakini huyu kijana amemwita mkwewe, amejibizana naye, na amemtazama usoni mchana kweupe, hata harusi haijafungwa. Wazee wakatikisa vichwa. Niliona jinsi Anania alivyoinamisha macho, nikajua hilo kwake ni zito kuliko banyama wote wa Rhodesia. Nilikuwa nimeruka majivu, nikakanyaga moto. Nilisimama pale nimebanwa na gari, mweupe kwa unga, nikaona mke wangu anakwenda zake kwa mara ya pili asubuhi hiyo hiyo.

Mama Aida akafungua mlango. Alishuka, akatengeneza kanga yake, safari hii begani tu, kichwa wazi. Akatazama upindo wake na kuuonyesha watu: kulikuwa na doa jekundu, alilolipata dimbwini alipokuwa anakwenda kupanda gari.

"Huyu ameniharibia kanga," alimwambia mumewe. "Atanipa nyingine. Kuku namchinja sasa hivi. Kitambaa na kuku vikishakuwepo, watu wamefunguliana. Kuna kingine kinachotakiwa?"

Anania akauliza kwa sauti ndogo, na harusi?

"Harusi itafuata. Kuku nikishamchinja atasubiri mwezi mzima?"

Wazee walilitafuta kosa kwenye maneno yale na hawakuliona. Mmoja alikohoa akasema kwa kweli mila inataka kitambaa na kuku, tarehe haikutajwa. Mwingine akauliza kuku mwenyewe ni yupi. Basi, likawa limekwisha. Gari wakalisukuma nyuma watu wanane, wale wale wa mapanga, mimi nikatoka na magoti yangu. Nikaikaza nati. Nikaongeza mafuta kutoka kwenye lile kopo, Kasiani akinishikia jani la mgomba lililokunjwa kuwa mrija, akiwaeleza waliomzunguka kwamba kule machimboni mafuta ya namna hii ni ya kawaida sana. Kisha nikala kuku mbele ya mama mkwe wangu, nikidonoa kidogo kidogo, naye ananihimiza nile, hii ikiwa ndiyo siku ya kwanza tunasalimiana.

Mpakani nilifika saa saba na nusu. Bwana Kidole alikuwa amekalia sanduku lake, mwekundu kama mafuta yake. Alipofungua boneti na kuona unga, akasahau hasira. Akasema ile ni njia safi kabisa ya kutafuta mvujo, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia ukweni.

Tulifunga ndoa Mbozi Misheni mwezi uliofuata. Kanga nilinunua mbili.

Miaka ikapita. Aida alipojifungua mtoto wetu wa tatu, mama mkwe alikuja kwetu kumkanda na kumtazama. Jioni moja nilimkuta nyuma ya nyumba anafua nguo za mtoto, nami kwa kuwa tulikwisha kuzoeana, nikaanza kumtania kuhusu motokaa inayouliza kushoto kwa nani. Akacheka. Nikamwambia nisingeoa bila yeye, bila ile akili yake ya kujua kwamba damu huganda.

Akaacha kucheka, akaendelea kufua.

"Si kila damu inaganda, Osea," akasema. "Nimeona isiyoganda. Mara mbili, kwa wanawake niliokuwa nawazalisha. Inatoka tu, nyepesi, na ukiiacha kwenye beseni mpaka asubuhi iko vile vile. Wote wawili tuliwazika."

Nilichelewa kuelewa. Nikamwuliza kwa nini basi siku ile alisema vile.

"Walikuwa wameshika mapanga."

"Na kuingia ndani? Kama ulikuwa hujui ni mafuta au ni nini, kwa nini uliingia?"

Alikamua nguo, akaikung'uta, akaitandaza juu ya wigo kwa uangalifu kabla ya kunijibu.

"Aida alikuwa amekwisha kufunga kanga kiunoni," akasema.

Kisha akaniambia maji yamekwisha, nimletee mengine, na nichukue gari kama nachoka. Nilichukua ndoo mbili nikaenda kisimani kwa miguu, nipate mahali pa kulia kidogo.